Chini ya Foleni ya Pasipoti

Siku nilipokwenda Nyayo House kuomba pasipoti yangu ya kwanza, nilikuwa na bahasha ya kaki kwapani, cheti cha kuzaliwa kilichokunjwa mara nne, na hofu moja tu: karani asije akaona kosa kwenye fomu akanirudisha mwisho wa foleni. Mama aliyekuwa mbele yangu alikuwa akimenya njugu na kutia maganda mkobani, asichafue sakafu ya serikali. Chini ya sakafu hiyo kuna vyumba ambamo watu waliteswa. Nilijua, maana nilikuwa nimesoma magazeti kama kila mtu. Lakini siku ile nilichowaza ni picha zangu za pasipoti tu, kama zingekubaliwa.

Nililikumbuka hilo mpwa wangu alipokuja likizo kutoka Birmingham. Kijana huyu hutafuta mambo ya kutisha kama mla miraa anavyotafuta vijiti. Ameshashuka kwenye mahandaki ya Paris, ambako mifupa ya watu wapatao milioni sita imepangwa ukutani kama kuni za msimu wa mvua. Amefika Pripyat, mji uliohamwa mwaka 1986 baada ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kulipuka. Siku ya pili tu, chai haijapoa, akaniuliza, "Mjomba, na nyinyi hapa Nairobi, mizimu yenu iko wapi?"

Wazo la kwanza lilikuwa nimpeleke Karen. Huko ndiko wageni wa aina yake hupelekwa, kwenye njia panda ambako alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941 Lord Erroll alikutwa ndani ya gari lake, ana risasi kichwani. Jock Delves Broughton alishtakiwa kwa mauaji hayo, akaachiliwa, na hakuna mwingine aliyewahi kutiwa hatiani. Kisa hicho kimeandikiwa vitabu, na mwaka 1987 kikatolewa filamu, White Mischief. Bwana mmoja wa Kiingereza, mpenda wake za watu, na miaka zaidi ya themanini baadaye bado tunamhesabia vikombe vya pombe alivyokunywa usiku wake wa mwisho! Marehemu sina ugomvi naye. Ila nilimwambia kijana avae viatu vya kutembelea, tutashuka mjini.

Tulianzia kwenye bustani ya kumbukumbu iliyopo Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Hapo ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, kabla ya saa tano asubuhi, bomu liliua watu 213 hapa Nairobi, na jengo jirani la Ufundi House likaporomoka lote. Nikamweleza jambo ambalo wageni wengi hawalijui: kwanza ulisikika mlio mdogo, na watu maofisini wakakimbilia madirishani kuchungulia. Bomu lenyewe lilifuata wakiwa bado wamesimama kwenye vioo. Ndiyo sababu wengi waliotoka hai walitoka bila macho.

Akatazama ukuta wa majina, kisha akawatazama watu waliolala nyasini, mmoja amejifunika uso kwa gazeti.

"Mbona wanalala hapa?"

"Kuna kivuli," nikamjibu. Na ni kweli. Mtu aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri akitafuta kazi, akipata nyasi na kivuli katikati ya jiji hili, hulala.

Tukapanda na Moi Avenue hadi kwenye sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa waziri. Alipigwa risasi mtaa huu huu tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi, akitoka kwenye duka la dawa. Mpiga picha akatufuata na kamera yake, "Mkubwa, piga moja na Mboya!" Tukapiga. Hatua chache kutoka hapo ni jengo lililokuwa hoteli ya Hilton, iliyofunga milango mwishoni mwa 2022. Hapo ndipo mbunge J.M. Kariuki alipoonekana mara ya mwisho, Machi 1975, akiondoka na maafisa wa polisi. Mwili wake uliokotwa vilima vya Ngong.

Tulipofika Nyayo House, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, foleni ilikuwepo kama kawaida. Ghorofa 27. Miaka ya themanini, walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, walikuwa wakiletwa hapa wamefungwa macho, wakipandishwa kwa lifti kuhojiwa na kupigwa ghorofa za juu, kisha wakiteremshwa vyumba vya chini. Huko vyumba vilimwagiwa maji, na mtu aliachwa humo, uchi, siku kadhaa, mpaka ngozi ya nyayo ikaanza kubabuka. Wahome Mutahi, ambaye safu yake ya Whispers ilichekesha nchi nzima, alipitia humu mwaka 1986. Baadaye aliandika riwaya, Three Days on the Cross. Sisi tunaojaza kurasa za magazeti kila wiki tuna deni kwa mtu aliyetoka humo na bado akaweza kuchekesha.

Februari 2003, baada ya serikali mpya kuingia, vyumba vilifunguliwa, wananchi na kamera wakashuka. Waliofungwa humo wakaonyesha kwa kidole: nilikaa hiki, yule alikaa kile. Tuliambiwa patakuwa mahali pa kumbukumbu. Kuanzia mwaka 2010 Mahakama Kuu imeamuru manusura wengi walipwe fidia. Lakini ukifika Zanzibar, kwenye kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, utainama na kuingia chumba cha chini. Ukifika Gisozi, Kigali, walikozikwa zaidi ya watu 250,000, mlango uko wazi. Hapa kwetu mpwa wangu, aliyesafiri nusu ya dunia akitafuta pa kuogopa, alisimama kando ya barabara akitazama watu wakiingia na bahasha.

"Sasa mzimu uko wapi?" akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

Nikamwambia mizimu ingekuwa nafuu. Mzimu haujazi fomu, hausaini zamu, haulipwi mwisho wa mwezi.

Tulimalizia City Park, Parklands, kwa sababu sikutaka siku iishie kwenye saruji. Kima walitushukia kabla hatujakaa, mmoja akanipokonya ndizi mkononi kwa ufundi wa mkora wa River Road. Ndani ya hifadhi hii kuna kaburi la Pio Gama Pinto, mbunge aliyepigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands tarehe 24 Februari 1965, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Alikuwa na miaka 37. Kisilu Mutua alifungwa kwa mauaji hayo, akakana miaka yote, akatoka gerezani mwaka 2001. Rafiki ya Pinto, Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, aliomba akifa azikwe karibu naye. Alifariki 1990, na yuko hapo na mkewe Sheila. Mwanasiasa wa Kenya aliyechagua kaburi kwa ajili ya urafiki! Kijana alikaa hapo muda mrefu kuliko alivyokaa mahali pengine popote siku ile, na hakupiga picha.

Amesharudi Birmingham. Pasipoti yangu inaisha mwakani, kwa hiyo nitarudi kwenye foleni. Nawe ukiitwa Nyayo House, ukishapokea kijitabu chako, muulize askari wa mlangoni ngazi ya kushuka chini iko upande gani.