Adabu ya Kumeza

Ndugu msomaji, nianze na swali: mtu akikupa chakula kwa moyo mweupe, nawe unajua kwamba chakula kile kitakudhuru, adabu ni kukila au kukikataa? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, na jibu langu likanilaza kitandani siku tatu, likamtia hatiani mtu asiye na kosa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi mmoja tu baada ya daktari kuniambia nisiguse tena ngano maisha yangu yote, nilipanda basi dogo kutoka Mbeya kwenda Tukuyu kumsalimu shangazi. Mvua ilikuwa inanyesha, na mvua ya Rungwe, kwa asiyeijua, si mvua ya kupita. Nikafika nimelowa chapachapa. Shangazi alikwisha kupata habari kwamba naja. Hata sijamaliza kumwamkia, akanivutia kigoda karibu na moto, akaniwekea mapajani sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Nikafunua. Chapati! Chapati za kusukuma, zenye tabaka, bado zina joto.

"Kula mwanangu. Umekonda mno."

Nikala mbili.

Ugonjwa wangu unaitwa seliaki. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka nyingine ya nchi za baridi iitwayo rai mna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati unate na kuvutika. Kwa watu wengi haina neno. Lakini kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili huishambulia kama adui, na katika vita hiyo kinachoumia ni utumbo mwembamba wenyewe. Vile vijinywele vyake vidogo sana, vinavyofyonza chakula, husinyaa. Unakula na kushiba, kumbe mwili una njaa. Hakuna kidonge cha kuuponya. Tiba ni kuacha, tena kuacha kabisa, maana hata makombo yanaweza kuamsha vita upya.

Mpaka nijue hayo nilihangaika miaka minne. Nilitibiwa minyoo, nikatibiwa amiba, nikatibiwa taifodi mara sikumbuki ngapi. Niliongezewa damu. Majirani nao walikuwa na vipimo vyao: hawa walinong'ona kwamba nina "ule ugonjwa", wale wakasema nimerogwa. Na ili nipate nguvu, kila mwenye huruma aliniletea uji wa lishe. Uji huo kila mtu huuchanganya anavyojua yeye: mahindi, ulezi, soya, karanga, na mara nyingi ngano humo humo. Walionipenda zaidi ndio walionirudisha nyuma zaidi. Mwishowe hospitali moja ilinipima damu kwa namna nyingine, ikanipitisha mpira wenye kamera kooni, ikachukua kipande kidogo cha utumbo kwenda kukitazama. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipopata jina.

Nilipowasimulia washikaji kijiweni, mmoja alicheka mpaka akashika mbavu. "Sasa we mtu wa Tukuyu unalia nini? Kwani kwenu mnaishi kwa ngano?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Rungwe ni nchi ya ndizi. Migomba imeufunika mlima kuanzia barabarani mpaka jicho linapokoma. Tuna mbalaga, tuna magimbi, viazi, mahindi, maharage, maziwa. Ukiteremka kidogo unaingia Kyela kwenye mchele ambao sifa zake zimefika Dar es Salaam. Kimpumu cha wazee ni cha ulezi. Ngano ndiyo mgeni: sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania hununuliwa nje, ikaja kwa meli. Kama kuna mahali mwenye seliaki angeomba azaliwe, basi ni kwetu.

Lakini tatizo langu halikuwa tumboni tu. Kwa shangazi yangu ndizi ni chakula cha siku zote, chakula cha sisi kwa sisi. Ngano ni chakula cha heshima. Mgonjwa hupelekewa mkate, kikao huandaliwa maandazi, bi harusi hukata keki, na mtoto aliyefaulu hununuliwa biskuti. Mtu akikusukumia chapati, anakwambia bila kutamka: nimekujali, nimeingia gharama, nimeacha shamba kwa ajili yako. Ukiisukuma sahani pembeni unasukuma na hayo maneno.

Tena kwetu jambo hili lina mizizi mirefu. Monica Wilson, mtafiti kutoka Afrika Kusini, aliishi Unyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 akatoa kitabu juu ya vijiji vya marika. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, wakala pamoja, wakizunguka kundi zima kutoka nyumba ya mama huyu hadi ya mama yule. Jambo lenyewe liliitwa ukwangala: kukaa na wenzako, mkala, mkanywa, mkaongea. Halikuwa starehe tu. Ndiyo ilikuwa shule ya utu. Anayekula peke yake alitiliwa mashaka. Na anayekataa chakula cha mwenzake je? Huyo, hata leo, akiwa hana sababu inayoonekana, anasema jambo moja baya sana: naogopa mkono wako. Yaani wewe ni mchawi.

Sasa unaona kwa nini nilikula mbili.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa mtu wa chooni na kurudi, chooni na kurudi, na shangazi nyuma yangu na mwavuli na tochi kwenye mvua ile, mzee wa watu. Asubuhi akaniuliza nilikula nini njiani. Nikasema labda maji. Uongo mwepesi, wa adabu. Siku ya pili nikiwa bado nimejikunja kitandani nikamsikia uani anafoka, na shangazi si mtu wa kufoka. Alikuwa anamfokea kijana anayemletea maziwa: eti maziwa yake machafu, karibu yamuue mtoto wa watu, asikanyage tena pale. Kijana anaapa, anamwita mama, anaomba aonje mwenyewe. Kisha nikasikia baiskeli yake inaondoka.

Hapo, msomaji, ndipo nilipoelewa kwamba uongo wa adabu nao una wa kuulipia, na mara nyingi si wewe uliyeusema.

Nikaamka, nikajikokota mpaka jikoni, nikamwambia shangazi yote. Nilitegemea machozi, au kununa. Alikaa kimya muda mrefu akichochea moto usiohitaji kuchochewa. Kisha akasema: "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekulisha sumu. Na wewe ulinitazama nikikulisha."

Sijapata kusikia sentensi iliyoniuma kama hiyo. Maana ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani nimeulinda moyo wake, kumbe nimeutumia mkono wake bila ruhusa yake. Niliogopa nisije nikaonekana namshuku uchawi. Basi kwa kunyamaza nikamfanya atende kitu kile kile ambacho mchawi husingiziwa, yaani kumdhuru ndugu kwa chakula. Tofauti ni moja tu: mchawi anajua. Yeye nilimnyima hata kujua. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akaugua.

Halafu shangazi akacheka, cheko lisilo na furaha. "Na mimi nikwambie basi. Nina sukari, huu mwaka wa pili. Daktari alinikataza vitu vitamu. Zile soda na biskuti unazoniletea kila unapokuja, nakula mbele yako mpaka zinaisha. Nitasemaje, na mtoto ametoka mjini kanikumbuka?"

Tukatazamana. Watu wawili tunaopendana, tumekuwa tukilishana sumu kwa heshima zote.

Najua kuna atakayesema: bwana we, hizi ni falsafa za walioshiba. Mchagua jembe si mkulima, na mwenye njaa hachagui sahani. Hoja hii siipuuzi. Mwaka 1999 watafiti walieleza habari za watoto wa Sahara Magharibi, wengi wao wakimbizi katika kambi za Algeria: zaidi ya watano katika kila mia walikutwa na seliaki, wakati Ulaya hukadiriwa mmoja katika mia. Na watu hao chakula chao kikuu kimekuwa ngano, na unga wa msaada ni ngano hiyo hiyo. Mama wa kambini atamwambia nani kwamba msaada unamuumiza mwanawe? Atakataa, ampe nini badala yake? Mbele ya mama yule mimi sina cha kulalamikia. Nina mgomba nyuma ya nyumba. Kuweza kukataa ni mali. Lakini hapo hapo ndipo ninapoona kwamba swali langu la mwanzo lilikuwa nusu. Nilimuuliza mpokeaji peke yake: ale au akatae? Sikumuuliza mtoaji: ulimuuliza? Kadiri mpokeaji anavyokosa nguvu ya kusema hapana, ndivyo mtoaji anavyodaiwa kuuliza kabla hajapakua.

Maana moyo mweupe pekee hautoshi. Mwaka 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba watoto wenye seliaki hupona kwa kulishwa ndizi. Ndiyo, ndizi, chakula cha bibi yangu! Na kweli walipata nafuu, wengine walikuwa wamekata tamaa ya kuishi. Ila Haas aliamini kwamba ndizi ndiyo yenye nguvu ya kuponya, kumbe nafuu ilitoka kwenye mkate aliowaondolea. Basi mtoto akishaonekana amepona aliweza kurudishiwa mkate, na ugonjwa nao ukamrudia. Ikabidi kungoja daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyekuwa akiishuku ngano tangu kabla ya vita. Katika njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 mkate ulipotea nchini mwake, na watoto hao wakaendelea vizuri. Mkate uliporudi, wakazorota. Mwaka 1950 akayaandika hayo katika tasnifu yake. Haas hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alipenda, akatoa, hata akafaulu, lakini hakujua kilichofanya afaulu. Upendo usiojua unaweza kuponya leo na kuumiza kesho kwa mkono ule ule.

Utaniuliza: na ukwangala je? Kama kila mtu atakuja na sahani yake, pamoja iko wapi? Hili liliniumiza kichwa kuliko yote. Kizuri kula na nduguyo, tumefundishwa. Lakini methali inasema ule na nduguyo. Haisemi mle kitu kimoja. Hata kwenye meza ambayo umoja wake unalindwa kuliko meza zote, swali hili limefika. Mwaka 2003 Vatikani iliandika kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa komunyo, lakini yenye kiasi kidogo inaruhusiwa, na asiyeweza hata hiyo anaweza kupokea divai peke yake. Wengine wataona sheria hiyo ni ngumu. Mimi naona ndani yake jambo moja: aliyekunywa tu bila kula hahesabiwi amekaa nje. Na wale vijana wa marika, nadhani, kilichowafanya kuwa wenzi hakikuwa chungu kimoja. Ni kwamba kila mmoja alimjua mwenzake: nani anakula haraka, nani anaumwa, nani leo hana hamu.

Sijifanyi nimehitimu. Msibani, mtu nisiyemjua akinipa andazi na chai, bado nalishika, nalizungusha mkononi, kisha natafuta mtoto wa kumpa. Kusema "siwezi, naumwa" mbele ya macho ya watu wengi ni kazi. Dukani nako naona haya kumwambia muuzaji asinichotee sembe kwa kopo lililotoka kwenye ngano. Adabu ya kumeza tumeinyonya utotoni. Adabu ya kusema tunajifunza ukubwani, tena kwa kuumia.

Lakini kwa shangazi nimeanza. Kesho yake alijifunga khanga akaenda mwenyewe mpaka kwa yule kijana wa maziwa, na mimi nyuma yake, tukamwomba radhi wote wawili. Kijana alitutazama kwa zamu, akasema yamekwisha, na jioni akaleta maziwa. Mara ya mwisho nilipokwenda, sikubeba soda. Nilimkuta amechemsha magimbi kwenye sufuria ambayo, alinionyesha, haijaguswa na unga. Akamimina chai, akasogeza kopo la sukari upande wangu, akaliacha hapo. Kabla hajanikaribisha, akaniuliza:

"Hiki unaweza?"

"Naweza shangazi. Na wewe?"

Tukala.

Sasa nikurudishie swali, msomaji, maana si langu peke yangu. Mezani kwako, leo jioni, nani anameza kwa ajili yako? Na wewe unammezea nani?