Bei Iliyoandikwa na Bei Iliyotozwa

Yako mambo ambayo watu huyadharau kwa udogo wake, hali ndani yake mna haki za watu wengi. Mtu huingia duka kubwa mjini Kisumu, akaona chini ya paketi ya sukari imeandikwa, tuseme, shilingi 140, akaitia kikapuni. Afikapo kwa keshia, mashine husoma 155. Mara nyingi hatambui, kwani amechukua vitu kumi, na nyuma yake pana safu ya watu wanaongoja. Akitambua, huambiwa kuwa karatasi ya bei ni ya zamani, haijabadilishwa.

Je, bei ipi ndiyo bei?

Wanasheria wana jawabu lao. Mwaka 1953 mahakama ya rufani ya Uingereza, katika kesi ya maduka ya dawa ya Boots, ilihukumu kwamba kuweka kitu rafuni si kukiuza, bali ni kumkaribisha mnunuzi. Biashara haifungiki ila kwa keshia. Kwa njia hiyo ya sheria, ambayo Kenya imeirithi, mwenye duka halazimiki kuuza kwa 140. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 imekataza kuwadanganya watu juu ya bei, na Katiba ya mwaka huo huo, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayoyahitaji na ya kufidiwa hasara yake.

Ama sisi, Qurani imetufundisha katika Sura An-Nisaa kwamba biashara haina budi kuwa kwa kuridhiana. Mnunuzi huyu aliridhia 140. Zile 15 zimemtoka bila ya ridhaa, na kunyamaza kwa asiyejua si kuridhia. Katika soko la Kibuye siku ya Jumapili mwuzaji husema 500, mnunuzi husema 200, wakakutana njiani. Hapo hapana dhulma, kwani kila mmoja masikio yake yako wazi. Bei iliyoandikwa haina mabishano. Aliyeiandika amekwisha kusema neno lake.

Aliyelalamika hurudishiwa 15 zake, akaombwa radhi, na jambo likahesabiwa limekwisha. Sisi twaona hapo ndipo lianzapo. Mashine haimkosei mtu mmoja. Tangu asubuhi imewatoza hivyo hivyo wote walioichukua paketi ile, na miongoni mwao wamo waliokwisha kupanda matatu kurudi Bondo au Mbita, ambako nauli ya kurudi kudai ni kubwa kuliko deni lenyewe. Je, haki yao imeanguka kwa kuwa hawakusoma risiti?

Imamu Ghazali ameeleza katika Ihyaa habari za Yunus bin Ubayd, mfanya biashara wa Basra. Mpwa wake aliachwa dukani, akamwuzia bedui kwa dirhamu 400 vazi la dirhamu 200. Yunus alipokutana na bedui huyo njiani akamtaka arudi. Bedui akasema kuwa kwao vazi lile lafika 500, naye ameridhika. Yunus hakukubali, alimrejesha dukani, akampa dirhamu 200 zake, kisha akamkemea mpwa wake. Ikiwa hayo alifanyiwa aliyeridhika, itakuwaje kwa yule ambaye hata hajui?

Watasema wenye maduka: Yunus alikuwa na bedui mmoja, sisi tuna maelfu. Lakini Yunus hakuwa na mashine inayoandika kila kilichouzwa, saa yake na kiasi chake, wala kadi za wateja zenye majina na namba za simu. Mashine iliyokosea ndiyo hiyo inayojua imemkosea nani. Na wasiopatikana kabisa, maulamaa wengi wamesema mali yao itolewe sadaka kwa niaba yao. Basi duka lisijisifu kwayo kana kwamba ni karama yake.

Mnunuzi aliyetozwa pungufu naye akaona na kunyamaza, hukumu yake ni hiyo hiyo. Na keshia asitukanwe: hakuandika karatasi ile, wala si yeye aliyeitia bei mashineni.

Tunalolitaka si gumu. Kosa likijulikana, pabandikwe mlangoni tangazo, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, litaje bidhaa, siku na kiasi kilichozidi, na kila mwenye risiti aje achukue chake pasina kuulizwa mengi.