Gorogoro Mbili na Sala ya Mezani



Juzi kwa ibada mchungaji alituuliza: Jumapili tunajua Mungu yuko wapi, lakini Jumatatu sokoni yuko wapi? Wengi tuliitikia kwa sauti, "Yuko nasi!" tukaenda nyumbani kula. Mimi chakula hakikushuka vizuri, kwa sababu Jumatatu yangu naijua. Nimeombwa niandike ukurasa huu, na naandika kama mtu anayetubu, si kama mwalimu.

Wengi mnanifahamu. Nanunua ndengu, kunde na mbaazi kutoka kwa wakulima wa huku kwetu, halafu nauza rejareja hapa sokoni Zombe. Nimeokoka miaka mingi. Kesha ya Ijumaa sikosi. Nimeona watu wakiombewa na kuinuka, na mimi mwenyewe nimeguswa na Roho mpaka nikalia kama mtoto. Lakini kwa miaka hiyo yote nilikuwa na imani ya milimani. Nilimtafuta Mungu kwa mambo makubwa, kwa radi na moto. Sikufikiria kwamba anaweza kuwa na haja na mkono wangu ukichota ndengu.

Mlango ulifunguka mahali ambapo sikutarajia. Mwaka ambao mvua ya Novemba ilitukataa, nilipanda lori kwenda Mbale, Uganda, kutafuta maharagwe. Siku ya Ijumaa lori likaharibika, na mzee mmoja mkulima, ambaye tulikuwa tumenunua maharagwe kwake, akasema, "Ndugu yangu, usilale ndani ya gari. Njoo kwangu, lakini tuharakishe, jua likizama mimi sifanyi kazi tena." Nikadhani ni Msabato. Kumbe ni Myahudi.

Mjue nilishangaa. Mwafrika kama mimi, mwenye jembe na mbuzi, eti Myahudi! Akanieleza. Zamani huko kulikuwa na jenerali Mganda aitwaye Semei Kakungulu, aliyewasaidia Waingereza kutawala mashariki ya Uganda. Alikuwa Mkristo wa kimishenari, tena msomaji mkubwa wa Biblia. Kadiri alivyosoma vitabu vya Musa ndivyo alivyozidi kuuliza kwa nini hayafuatwi, mpaka mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, akaanzisha jamii inayoitwa Abayudaya. Alifariki mwaka 1928, lakini watu wake walibaki. Wakati wa Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku, wengi wakaiacha, wachache wakaomba mafichoni. Mwaka 2002 mamia yao walipokelewa rasmi na marabi waliotoka ng'ambo. Sinagogi lao liko kilima cha Nabugoye. Na mwaka 2004 wakulima wao wa kahawa waliungana na majirani Waislamu na Wakristo wakaunda ushirika mmoja, Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu.

Hiyo ni historia. Kilichonigusa mimi ni mambo madogo ya nyumba ile.

Kwanza, kwa mwimo wa mlango kulikuwa na kijisanduku kidogo. Mzee aliugusa mwimo kabla ya kuingia, jinsi mtu anavyomgusa mgonjwa anayempenda. Ndani yake mna maneno ya Kumbukumbu la Torati 6, ile sura inayoagiza tuyanene maneno ya Mungu tukiwa nyumbani na njiani, tukilala na tukiamka. Mimi sura hiyo nimeihubiri. Kuigusa kwa mkono kila nikiingia kwangu, sijawahi.

Pili, kunawa mikono. Alimimina maji kwa kikombe, akamshukuru Mungu kwa agizo la kunawa, akanyamaza kabisa mpaka mkate ukakatwa. Akashukuru tena kwa mkate. Baadaye yakaja matunda, shukrani nyingine. Nikamwuliza kwa utani, "Mzee, hizo baraka ziko ngapi?" Akasema walimu wao wa kale walifundisha mtu amtukuze Mungu mara 100 kwa siku. Kuna baraka ya kusikia radi, ya mvua baada ya ukame, ya kuvaa nguo mpya, ya kula tunda la kwanza la msimu. Kuna hata ya kutoka chooni. Nilicheka sana. Yeye hakucheka. Akasema, "Siku mkojo ukikataa kutoka, utajua kwa nini tunashukuru." Nikanyamaza. Nilimkumbuka marehemu baba yangu na ule mpira aliowekewa hospitalini, jinsi alivyokuwa akiomba tu apate haja ndogo kama watu wengine. Miaka 70 alikuwa ameipata bure kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kumfundisha kusema asante.

Tatu, na hili ndilo lililonifuata mpaka nyumbani. Tukiwa bado mezani, mzee alisimulia fundisho la rabi wa kale, Eliezer ben Yaakov. Rabi huyo aliuliza: mtu akiiba ngano, akaisaga, akaikanda, akaoka mkate, kisha akainua mkate ule na kumshukuru Mungu, je, huyo amembariki Mungu? Jibu lake ni kwamba hapana, amemtukana. Mimi niliitikia "Amina" nikaendelea kula. Niliona ni fundisho zuri la kuhubiria wengine.

Niliporudi Zombe nikaanza zoezi. Sikugeuka Myahudi, nilisema tu: kwa nini watu hawa wamshukuru Mungu kwa maji ya kunawa, na sisi tunaofuata punda mpaka mto wa mchanga, tunaochimba kisima kwa mikono na kungoja mtungi wa lita 20 ujae kikombe kwa kikombe, tunayamwaga bila neno? Basi nikaanza. Mtungi ukifika nyumbani, asante Baba. Mbuzi akizaa, asante. Wingu likionekana upande wa kilima, asante, hata lisiponyesha. Wapendwa, nyumba yangu ilibadilika. Watoto walidaka haraka kuliko mimi. Niliona kama nilikuwa nimeishi miaka mingi na macho yamefungwa.

Halafu ikaja jioni moja. Tumemaliza kuombea chakula, sahani ya muthokoi na ndengu iko mbele yetu. Jirani akabisha, anataka gorogoro moja ya ndengu. Binti yetu mdogo akainuka kwenda stoo, akageuka mlangoni akauliza kwa sauti safi kabisa, mbele ya jirani na mbele ya Mungu niliyetoka kumshukuru: "Baba, nipime na ile ya kununua ama ile ya kuuza?"

Wafanyabiashara wenzangu mmeshaelewa. Wengine niwaeleze. Stoo kwangu kulikuwa na gorogoro mbili. Moja tako lake nililigonga likatokeza nje, hiyo ya kununulia kwa wakulima, na juu nilirundika mpaka kilele. Nyingine tako lake nililigonga likaingia ndani, hiyo ya kuuzia, na juu nilipangusa na kijiti. Tofauti si kubwa. Konzi moja, pengine gramu 100. Nilijiambia ni biashara, kila mtu anafanya hivyo.

Usiku ule sikulala. Nilifungua Kumbukumbu la Torati 25:13-16, nikakuta Mungu anakataza mtu awe na vipimo viwili nyumbani mwake, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Nyumbani mwake! Kana kwamba alikuwa amechungulia stoo yangu. Mke wangu akaleta kalamu tukapiga hesabu. Siku ya soko nilipima kama gorogoro 40. Konzi 40 ni kilo 4. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 200. Kwa miaka 6 ni magunia 13 ya kilo 90. Magunia 13, ya wajane na mama wenye watoto mgongoni, konzi kwa konzi. Na juu ya kila sahani nilikuwa nimesema, "Baba, tunakushukuru kwa kutupa chakula hiki." Lile fundisho la mkate wa wizi likarudi, na safari hii sikuweza kusema Amina.

Swali langu kwa ukurasa huu ndilo hili: je, shukrani inaweza kuwa ya kweli kama mkono unaoinuliwa si safi? Zamani ningejibu kwamba Mungu huangalia moyo. Ni kweli huangalia moyo. Lakini siku hizi naona kwamba ukimshukuru Mungu kwa kitu fulani, unamwita aje akitazame kitu hicho. Ukimshukuru kwa mambo ya jumla, "asante kwa yote," hakuna kinachokusuta. Ukimshukuru kwa ndengu hii, iliyo kwenye sahani hii, lazima ujue imefikaje hapo. Ndiyo maana nadhani tunapenda sala za jumla.

Asubuhi nilizigonga gorogoro zote mbili kwa nyundo mpaka hazifai. Hiyo ilikuwa rahisi. Ngumu ilikuwa kurudisha. Zakayo alijua aliowadhulumu, mimi wengi siwajui. Nikataka kumpigia simu yule mzee wa Mbale, nikangoja Jumapili kwa maana Jumamosi hashiki simu. Akaniambia walimu wao walilikuta swali hilo zamani. Aliyenyang'anya watu na hajui ni nani, walimwambia atumie mali hiyo kwa haja ya umma. Mwalimu mmoja, Rav Chisda, alipoulizwa ni haja gani, akataja mashimo na matangi ya kuhifadhi maji. Wapendwa wa Zombe, mnasikia? Kati ya mambo yote ya dunia, maji!

Nilimweleza mchungaji, tukaomba pamoja. Kisha nilikwenda kwa mama mmoja mzee upande wa Mwitika, ambaye nilinunua kwake kila msimu. Nikamwambia, "Mwaitu, nimekupunja miaka mingi." Akanitazama kwa muda. Akasema, "Mwana wakwa, tulijua. Sote tulijua. Tulikuuzia wewe kwa sababu wengine wanapunja na kutukana, wewe ulipunja ukituombea." Hakukusudia kunichoma. Lakini ningeweza kuvumilia tusi kuliko neno lile. Nilimlipa alichokubali. Deni la wale nisiowajua lilienda kwa saruji ya bwawa la mchanga ambalo wanakijiji walikuwa wanajenga kwa mwethya, na mawe nilibeba mwenyewe pamoja na wengine. Mvua ikija, mchanga utajaa nyuma ya ukuta ule na maji yatakaa ndani yake, jua lisiyafikie kwa urahisi.

Sitawadanganya eti Mungu alinirudishia mara mia. Mapato yamepungua. Karo ya muhula uliopita nililipa kwa awamu. Wenzangu wawili sokoni hawanisalimii, wanasema nawaharibia biashara. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba naweza kula ndengu na kushukuru, na binti yangu akiulizwa apime na ipi, kuna moja tu.

Mtu atauliza, "Ndugu, unaturudisha chini ya torati?" Hapana. Tumeokolewa kwa neema, na Warumi 11 inatukumbusha kwamba sisi ni matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa, tusijivune juu ya matawi ya asili. Bwana wetu alilelewa katika nyumba ya namna ile, ya kushukuru kabla ya kula. Someni Luka 24. Wale wanafunzi wawili walitembea naye njiani kwenda Emau, wakasikia mahubiri bora kuliko yote yaliyowahi kuhubiriwa, na bado hawakumtambua. Walimtambua mezani, alipoushika mkate na kushukuru. Mahubiri waliyapata njiani, macho yakafunguliwa kwenye chakula cha jioni.

Walimu wa Kiyahudi husema pia kwamba siku ya hukumu swali la kwanza ambalo mtu ataulizwa ni kama alifanya biashara yake kwa uaminifu. Hiyo si aya ya Biblia, sitaihubiri kama aya. Lakini nimeiweka akilini, na siku ya soko huwa naikumbuka.

Wiki hii jaribu jambo moja. Usiseme "asante kwa yote." Chukua kitu kimoja kilicho mkononi mwako, maji, unga, mshahara, pikipiki ya boda boda, na umshukuru Mungu kwa hicho peke yake, ukikitaja. Kisha unyamaze kidogo, usikie kama kuna mtu atauliza kilifikaje kwako. Akiuliza, usimfukuze. Huenda ni mtoto wako. Huenda ni Bwana.