Nani Aliyeivunja Transfa?

Dereva mmoja, kijana tu, anakatwa mshahara kwa sababu transfa ya Land Cruiser, gia inayogawa nguvu kwa ekseli za mbele na za nyuma, ilivunjika mikononi mwake. Wakubwa wake wanaona hesabu imekwisha: alikabidhiwa gari zima, likarudi linavutwa, basi alipe. Mimi ndiye niliyeifungua transfa hiyo hapa gereji, Tanga, na nasema kijana amedhulumiwa.

Oili ilitoka nyeusi, inametameta unga wa chuma. Unga wa namna ile haupatikani kwa siku moja. Nikaenda kutazama matairi. Ya nyuma mapya, kashata zimesimama. Ya mbele mitumba iliyochoka, karibu vipara. Yote manne yameandikwa 7.50R16, na aliyesaini ununuzi alitazama maandishi hayo tu. Lakini kashata zikipishana kimo kwa sentimita moja, kila mzunguko unapishana kwa sentimita sita na ushei. Tairi la kipimo hicho huzunguka kama mara 400 kwa kilomita. Kwa hiyo kila kilomita ekseli mbili za gari moja zinagombania mita 25 hivi.

Na gari lenyewe halina difu ya katikati. Ukiweka fowili, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, zizunguke sawa zitake zisitake. Kwenye tope ugomvi huo huisha kwa tairi kuteleza kidogo kidogo. Kwenye lami, au changarawe kavu iliyoshindiliwa, tairi haliachii. Mvutano unabaki ndani, unazikaba shafti na meno ya gia. Kijana alitoka Mtae na mvua, fowili imewekwa kama inavyostahili. Alipoikanyaga lami ya Lushoto akajaribu kuitoa, mkono wa transfa ukagoma. Kabla hajapata mahali pa kuegesha arudi nyuma kidogo ili ulegee, kama tunavyowafundisha, ukasikika mlio mmoja wa chuma, na meno yakakatika.

Tunasoma fiqhi msikitini baada ya Magharibi, nikampelekea shekhe wetu kesi hii bila kutaja ofisi. Wanazuoni humtenga mtendaji na msababishaji. Mfano wao ni wa mtu aliyechimba kisima katika njia ya watu, kisha mwingine akamtupa humo mnyama wa mwenziwe: anayelipa ni aliyetupa, si aliyechimba. Majalla, sheria iliyoandikwa katika dola ya Uthmaniya kuanzia mwaka 1869 chini ya Ahmed Cevdet Pasha, imeiweka kanuni hiyo wazi. Wakikutana wawili hao, hukumu humwangukia mtendaji. Tena mtendaji hulipa hata kama hakukusudia, na msababishaji halipi mpaka iwe alikusudia.

Ukiisoma juu juu, wakubwa wameshinda, maana aliyeshika usukani ni kijana. Mimi sikubali. Kisima kimekaa kimya, hakimgusi mtu mpaka aje wa kusukuma. Matairi yale hayakukaa kimya hata siku moja fowili ilipowekwa. Yalikuwa yakisaga chuma safari baada ya safari, mikononi mwa madereva wengine ambao hakuna aliyewauliza kitu. Kijana alikutwa tu zamu yake chuma kilipokwisha. Mtendaji katika kazi kama hiyo ni aliyeamuru matairi yafungwe.

Shekhe hakuniachia kirahisi. Akaniuliza, "Fundi, na kama yule bwana hakujua? Mtu ahesabiwe kwa asilolijua?" Nikamjibu kwa alilotufundisha mwenyewe: anayejitia utabibu pasipo elimu hulipa alichodhuru, ingawa nia yake ilikuwa kuponya. Aliyekubali amana ya kuhudumia magari hawezi kujikinga kwa kutoyajua magari. Kutojua kwa dereva ni udhuru, kwa sababu hakuna aliyempa tepu akapime. Kutojua kwa msimamizi ndilo kosa lenyewe.

Najua ofisi nyingi hazina pesa za matairi manne kwa mpigo, na sitaki kumwonea mtu kwa ufukara. Lakini kumwambia dereva hakuhitaji bajeti. Mstari mmoja katika daftari la gari ungetosha: mbele na nyuma hazilingani, fowili ni ya tope tu. Hakuna aliyeuandika.

Amebaki fundi aliyeyafunga matairi yale, si wa kwetu, ambaye bila shaka aliona kwa macho na akanyamaza. Shekhe anasema hukumu yake ni ngumu zaidi kuitoa, kwa kuwa naye ni mwajiriwa na huenda alihofia kibarua chake. Ameahidi kulirudia darasa lijalo. Hilo litangoja. Mshahara wa kijana haungoji darasa. Alichokatwa arudishiwe, na makato ya mwezi ujao yafutwe.