Kugusa Bila Kuumiza



Katika sura ya kwanza ya Marko, mkoma anamjia Yesu na kupiga magoti. Yesu angeweza kumponya kwa neno tu, kama alivyomponya mtumishi wa yule akida wa Kapernaumu bila kufika nyumbani kwake. Lakini huyu, ambaye Torati ilimhesabu kuwa najisi, alimnyoshea mkono akamgusa. Aya hiyo imenirudia wiki hii nikisoma habari za chombo cha maabara: hadubini ya nguvu za atomu.

Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walikieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Hadubini tulizozisoma shuleni hutegemea mwanga, nao una kikomo chake. Hii hupapasa, kama kidole cha asiyeona kinavyosoma nukta nundu. Ina kijiti chembamba, mara nyingi cha silikoni, chenye ncha kali ajabu mwishoni. Ncha inapopita juu ya kitu, nguvu zilizopo kati ya atomu zake na atomu za kitu hicho hukipinda kijiti kidogo sana. Mwale wa leza unaomulika mgongo wa kijiti huhama, na kompyuta hutumia mhamo huo kuchora mabonde na vilima visivyoonekana kwa jicho.

Upole wake ndio ulionishika. Kijiti kikianza kupinda kupita kiasi, mtambo hukipunguzia uzito papo hapo, kwa maana ncha inayokandamiza huchana kile inachotaka kukijua. Juu ya vitu laini, kama seli hai ndani ya maji, mara nyingi ncha hugonga kidogo na kuinuka badala ya kuburuzwa.

Kwa mguso huo wanasayansi wameviona vinundu kwenye chembe nyekundu za damu zilizoingiliwa na vimelea vya malaria, vinundu vinavyozinasisha chembe hizo kwenye kuta za mishipa midogo. Tumezika watoto wengi kwa sababu ya malaria. Namshukuru Mungu kwa kila anayeichunguza. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipima seli za wagonjwa, wakakuta seli za saratani iliyosambaa ni laini kuliko zenye afya kwa zaidi ya asilimia 70, hata pale maumbo yalipofanana. Macho yasingezitenganisha.

Ila ncha ikiwa butu, au ikishika uchafu, picha huharibika kwa namna ya pekee: umbo la ncha yenyewe hujirudia kila mahali, na anayetazama hudhani ameona kitu kilichopo. Ndugu zangu, ni mara ngapi tumeingia nyumba za watu na kinyongo moyoni? Kila kijana tukamkuta mvivu, kila mjane mkaidi, alama ileile nyumba hadi nyumba. Mtaalamu akiiona alama hiyo hubadilisha ncha. Sisi tumepewa toba, na tuianze kabla ya kubisha hodi.

Kila jumuiya imtafute mtu mmoja ambaye majirani wamemkwepa, awe mgonjwa, mfungwa aliyerudi au mlevi. Salini kwanza. Kisha nendeni, mshikeni mkono, na msikilizeni mpaka amalize kabla hamjamshauri lolote.