Ridhaa na Bei ya Tiba

Wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, wameshurutisha kwamba bei ijulikane kwa muuzaji na mnunuzi, kwa kuwa bei iliyofichika huingiza gharari, yale mashaka yanayomfanya mtu afunge mkataba bila kujua anachotoa, na ridhaa ya namna hiyo ina kasoro. Mwanateolojia wa Kikristo Thomas Aquinas naye, katika karne ya 13, alihukumu kwamba muuzaji hana haki ya kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida kubwa. Hospitali huzijaribu hukumu zote mbili kwa pamoja, maana mgonjwa hajui bei na wala hana nafasi ya kwenda kuuliza kwingine.

Nchini Marekani, ambako takriban nusu ya wananchi hutibiwa kwa bima ya kazini, ujinga huo umempata hata mlipaji. Waajiri wengi wakubwa hugharimia matibabu kwa fedha za mfuko wao wenyewe, huku kampuni ya bima ikiwa wakala wa kupatana na hospitali, na kwa miaka mingi mapatano hayo yalikuwa siri. Waajiri wa jimbo la Indiana ndio walioanza kuitaka taasisi ya utafiti ya RAND ichambue hesabu za malipo yao; ripoti yake ya 2024 ilionyesha kwamba mwaka 2022 waajiri na bima binafsi walilipa hospitali, kwa wastani, asilimia 254 ya kile ambacho Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wazee, ingelipa kwa huduma zilezile. Hospitali hujibu kwamba Medicare hulipa chini ya gharama halisi, jibu lenye uzito kiasi, ingawa halielezi kwa nini huduma moja iwe na bei zinazopishana mno baina ya hospitali na hospitali.

Tangu Januari 2021 hospitali zinalazimika kutangaza bei zilizoafikiwa na kila bima. Uwazi huo unaondoa gharari, lakini hauondoi dhuluma, kwani palipo na hospitali moja tu, bei inayojulikana hulipwa vilevile. Hapo ndipo inapofaa kanuni ya bei ya mfano, aliyoieleza mwanazuoni wa Kiislamu Ibn Taymiyya, yaani thamani ambayo kitu hupata kwa desturi pasipo kushurutishwa. Na mpango wa bima wa watumishi wa jimbo la Montana ulifanya jambo la karibu na hilo mwaka 2016, ulipoacha kuomba punguzo na badala yake ukakadiria malipo ya hospitali kwa kipimo cha Medicare.

Waajiri, hata hivyo, si watetezi wasio na maslahi. Wachumi wengi wanakubaliana kwamba mchango wa mwajiri katika bima hatimaye hutoka katika ujira ambao mfanyakazi angelipwa, na sheria ya ERISA ya 1974 huwataka wasimamizi wa mipango hiyo watende kwa manufaa ya wanachama peke yao. Fedha hiyo, basi, ni amana, na mwajiri anayeishusha bei ya hospitali kisha akabaki na nafuu yote amemdhulumu mfanyakazi yuleyule aliyedai kumtetea.