Bei ya Kutosubiri



Likizo hii, hapa Musoma, mdogo wangu kaniuliza: "Kaka, nikichukua hela ya ada ninunue PS5, ni dhambi?"

Tuanze na bei. PS4 ilitoka Novemba 2013, PS5 Novemba 2020 kwa dola 499. Kwa nini Novemba? Krismasi inabisha hodi, na mzazi gani anataka mtoto anune sikukuu? Zamani aliyesubiri alipata nafuu, maana mashine zilishuka bei. Safari hii imepanda: Agosti 2025 ilifika dola 549 Marekani. Sony ilitaja hali ngumu ya uchumi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba muuzaji asipandishe bei kwa sababu tu mnunuzi anakihitaji sana kitu. Sawa. Lakini je, kama hata hiyo hamu tumepandikiziwa na tangazo?

Hapo muuzaji ana lake la kujibu, nasi tuna letu: kuilinda mioyo. Majilio yanatufundisha kumsubiri Yeye ajaye bure.

Nikamwambia: "Kucheza si dhambi, mdogo wangu. Nenda banda la gemu, lipia mechi mbili. Ada iache, ndiyo kesho yako."

Wewe je, nani anakupangia cha kutamani?